Ombi la Daktari Salma Limechelewa kwa Siku Moja

Ndugu zangu wa jukwaa hili, leo nimefika mkutanoni siku moja baada ya uamuzi kutolewa.

Nawaandikia kabla sijavua buibui.

Nilikwenda ofisini Liwatoni kuwasilisha ombi letu kwamba Daktari Salma, ambaye amekaimu uongozi wa maabara ya samaki kwa miaka mingi, athibitishwe kuwa mkuu wake.

Nililisoma lote nikiwa nimesimama. Mwenyekiti wa mkutano akalisifu kwa ufasaha.

Kisha akasema kwa upole, "Lakini Bi Zuhura, jambo hili tulilimaliza jana barazani Kibokoni, baada ya sala ya isha. Cheo tumempa Bwana Athmani."

Nikauliza, "Na Salma angeketi wapi barazani penu pa wanaume?"

"Angemtuma kakake."

Salma mwenyewe alikuwapo. Akasema, "Kaka yangu ni fundi cherehani. Angewaeleza nini kuhusu vimelea vya samaki?"

Wakacheka kwa dhati, wakatuagizia kahawa, mkutano ukafungwa. Salma hakuinywa. Alirudi maabarani kwa kazi ileile.

Nimechoka, ndugu zangu. Naomba rai zenu: ombi la pili nilipeleke tena ofisini, au kesho baada ya isha niende nikaketi nao barazani?