Kompyuta ya Hilkka

Tauno Kärnä alifanya kazi kiwanda cha karatasi pale mjini Varkaus miaka thelathini na mmoja. Shule aliiacha mapema. Kompyuta alijifunza baada ya kustaafu, kwa kuifungua na kuifunga, kama alivyokuwa akifanya na pampu za kiwandani. Siku alipoijua Linux, ndiyo basi. Mfumo wa kuendesha kompyuta, umetengenezwa na watu wa kujitolea, unatolewa bure, na ukitaka kuuona ndani unaruhusiwa. Tangu hapo, mtu akitaja Windows, ule mfumo wa kuuzwa, kwa mapenzi, Tauno alimtazama kama aliyeingia sauna, chumba cha kuogea mvuke, na viatu.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na chama. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikutana chini ya jengo la maghorofa, chumba kinachopakana na sauna ya wapangaji. Watu walileta kompyuta zao, wanachama wakafuta Windows na kuweka Linux. Mashine ikiwaka na mfumo mpya, Tauno alipiga kengele ya baiskeli iliyofungwa pembeni mwa meza. Makofi. Kahawa. Seppo peke yake alikuwa na Makintoshi, kompyuta yenye nembo ya tofaa. Aliruhusiwa kuingia, ila mkate wa iliki alipewa wa mwisho.

Hadithi iliyopendwa pale ilikuwa ya kompyuta ya Hilkka, mke wa Tauno. Urho, mwenyekiti, alimsimulia kila mgeni. Kwamba Hilkka alikuwa hospitali kwa ajili ya nyonga, huku nyumbani diski ya kompyuta yake ikafa, Tauno akaifufua mashine kwa Linux. Hilkka mwenyewe aliwahi kuja na mikate akaisimulia. "Mzee wangu aliiokoa," alisema, na Tauno akaangalia chini. Wakadhani ni unyenyekevu.

Haikuwa hivyo. Diski ilikuwa nzima. Tauno aliifuta mwenyewe, Jumanne mchana, huku akipiga mluzi. Alitaka kumfurahisha mkewe. Na zaidi ya hapo, aliona vibaya mwanachama kama yeye kuwa na Windows ndani ya nyumba. Nakala hakuchukua. Ya nini? Alijua Hilkka anacheza karata tu.

Hilkka aliporudi alikaa kitini, mkongojo kaegemeza mezani, akatafuta kwa muda mrefu.

"Tauno, ndege wangu wako wapi?"

"Ndege gani?"

"Wanaokuja dirishani. Nawaandika kila asubuhi, tangu mwaka ule ulipostaafu. Ndege, na mengine mengine."

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulikuwa tayari umefunguka.

"Diski ilikufa," akasema. "Nimeokoa nilichoweza."

Hilkka aliacha kutafuta. Kisha akamshika mkono. "Pole, mzee wangu. Umehangaika."

Yeye ndiye aliyepewa pole.

Hilkka hakuandika tena. Baada ya miaka mitatu akafariki, mwezi wa pili, barafu ikiwa bado nene ziwani. Tauno alibaki na nyumba, na yale maneno mawili. Mengine mengine. Yapi? Hakuna wa kumuuliza.

Mwezi wa nne alirudi chamani. Siku hiyo aliingia mgeni, Oiva, mstaafu wa reli, na kompyuta ndogo aliyoifunga kwa taulo.

"Ya mke wangu, Airi," alisema. "Yuko kwa dada yake, anarudi kesho. Nataka aikute mpya."

"Umefika, ndugu yangu," alisema Urho. "Hapa ndipo wafungwa wanapoachiwa."

"Hapa ndipo wanapotengeneza kitu ambacho hakijaharibika," alisema Seppo.

"Wewe na tofaa lako, kunywa kahawa yako," Urho alimjibu.

Tauno alichomeka flashi yenye Linux, akawasha. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mwenyewe kasemaje?"

"Hajui! Ni mshangao, bwana. Na yeye humo anaangalia hali ya hewa tu."

Urho alicheka. "Tauno, msimulie mwenzako ya Hilkka. Atulie."

Skrini ilikuwa imeshauliza: futa diski yote? Kidole cha Tauno kilikuwa juu ya kitufe. Akaona unga. Unga wa ngano, umekauka katikati ya vitufe. Mtu anayeangalia hali ya hewa tu haweki unga pale.

Akaondoa mkono.

"Ile hadithi ni uongo," alisema.

"Uongo gani tena?" Urho bado alikuwa anacheka.

"Diski haikufa. Niliifuta mimi. Hilkka hakuniomba, wala sikumuuliza. Ndani yake mlikuwa na maandishi yake ya miaka kumi na mmoja. Nikamdanganya, akanipa pole. Akaja hapa akanisifu mbele yenu. Nikapokea."

 Ng'ambo ya ukuta mtu alimwagia maji mawe ya moto ya sauna, yakalia shii, yakanyamaza.

"Miaka mitatu, Tauno," alisema Urho. "Nimemsimulia kila mtu. Hata mkwe wangu."

"Najua. Nilikuwa hapa, napiga kengele."



 Tauno alichomoa flashi, akaizima mashine, akalikunja taulo juu yake vizuri kuliko ilivyokuja.

"Sasa mimi nifanyeje?" aliuliza Oiva.

"Muulize."

Oiva alitoa simu, bado kavaa koti. "Airi? Mimi hapa. Kwenye kompyuta yako mna nini?... Hapana, haijaharibika. Nauliza tu."

Akasikiliza. Akatafuta kiti, akakaa.

"Mapishi ya mama yako? Yote?... Na picha za mtoto pia?... Sikujua, Airi... Hapana, endelea. Nasikia."

Sauti ndogo ya mwanamke ilitoka simuni, ya haraka, maneno hayashikiki. Ilikuwa na furaha. Iliendelea hadi kahawa ikapoa vikombeni.

Swali lenyewe lilikuwa fupi namna ile.

Tauno alikusanya vikombe. Haikuwa zamu yake. Akasimama kwenye sinki, mgongo kwa watu, akaviosha kimoja kimoja, na vile visafi akaviosha tena.