Kioo cha Chumbani kwa Mama Mkwe

Kazi yangu ni kufufua mashine za gemu, yale makabati marefu ya kutumbukiza sarafu. Nikimweleza mtu hivyo, hunipa pole. Karakana yangu iko Temeke na ndani yake hakikosekani kitu isipokuwa kioo. Vitufe nachonga, spika natoa kwenye redio za magari, sarafu zikikwama natumia lugha chafu. Lakini mashine hizi zinataka kioo cha TV ya chogo, zile nene za zamani zenye kisogo, na TV za chogo zimeisha mjini. Wanunuzi wa chuma chakavu wamezipasua wapate shaba ya ndani, vioo wakavitupa. Nimewahi kugombana nao mpaka nikatolewa yadini kwa kusukumwa, na sijutii hata neno moja nililosema.

Safari hii mteja alikuwa mama mwenye mgahawa Kigamboni. Aliitaka mashine yake iwake kabla ya Idi, nami nilishamwapia. Kila kitu kilikuwa tayari, ila mbele palikuwa na shimo. Nilizunguka wiki tatu bure. Ndipo mke wangu, huku akimenya vitunguu, akasema, "Si kuna ile ya mama?"

Ile ya mama ilikuwa chumbani kwa mama, Mbagala. Mama mkwe wangu ni mtu wa kusini anayeshika mila, na kwao mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala hali naye meza moja, sembuse kuingia chumbani kwake. Kwa miaka sita tulikuwa tumeishia kwenye shikamoo na marahaba, tena mimi nikitazama mkeka.

Tukaenda Jumamosi. Mimi nilikaa sebuleni, mama alikuwa chumbani nyuma ya pazia, na mke wangu akasimama mlangoni kama balozi. Kati yangu na mama palikuwa na hatua nne.

"Muulize mama, picha inatetemeka?"

"Mama, anauliza picha inatetemeka?"

"Mwambie imetulia."

"Anasema imetulia."

"Muulize rangi."

"Mwambie zote zipo," mama akasema kabla hajaulizwa. "Jana yule bi harusi wa tamthilia kavaa gauni jekundu, na nilijua tu atavaa, maana mama yake wa kambo ndiye aliyemficha lile jeupe, na ukitaka kujua kwa nini..."

"Anasema zipo," mke wangu akafupisha.

Furaha ikanijaa. Kioo kizima, na saizi ni ile ile, mke wangu alishanipimia. Nikauliza na sauti, kwa mazoea tu.

"Mwambie sauti ilikufa mwaka juzi."

Mwaka juzi. Na mimi fundi, kila Idi nakunywa chai kwenye kochi lile lile. Yeye hakunituma kwa kuwa mkwe hatumwi, na mimi sikujua kwa kuwa mkwe hachungulii. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ningeanzaje kumwomba kioo? Nikasema TV iletwe sebuleni. Waya wa spika ulikuwa umekatika. Risasi kidogo ya kuchomelea, dakika kumi, tamthilia ikaanza kusema. Nikaondoka mikono mitupu, nimepanga kurudi Jumamosi inayofuata na TV bapa ya mtumba, ili tubadilishane kwa heshima.

Nikarudi nayo. Mke wangu akaniletea ile ya chogo sebuleni, kisha akaenda jikoni kuchemsha chai, na mimi nikatulia kumsubiri balozi wangu.

"Mkwe wangu," pazia likasema.

Nilikaribia kuangusha TV. Nikakazia macho mkeka.

"Hiyo uliyoleta ina sauti?"

"Ina sauti nzuri sana, mama."

"Itoe."

Nikamweleza kwa adabu kwamba anaweza kuipunguza tu kwa rimoti.

"Wataiongeza," akasema. Kisha akanieleza polepole. Kwa miaka miwili majirani walikuwa wakija kila jioni kukaa chumbani kwake, yeye akiwasimulia picha ile bubu: nani mwongo, nani kamzaa nani. Wiki hii wamekuja wakasikiliza TV. Alipofungua kinywa wakamwambia, mama, hebu tusikie. "Tena kumbe yule niliyesema ni mume ni kaka yake. Wamenicheka. Juzi wakaaga mapema. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza itakuwaje kesho."

Nilifungua mgongo wa TV bapa, na kwa mara ya kwanza katika ufundi wangu nikaharibu kitu kizima: nikakata nyaya za spika zote mbili. Nikaiwasha. Midomo ikacheza kimya.

Pazia likasogea kidogo. "Huyu mwenye suti," mama akaanza, "usimwone anacheka. Ana deni la damu na ukoo mzima wa yule binti."

TV ya chogo ilikuwa miguuni pangu, yangu sasa, na Kigamboni walishanipigia mara mbili. Nikakaa.

"Halafu ikawaje, mama?" nikamuuliza mwenyewe.