Nafasi ya Glafira Ng'ambo ya Mto

"Hivi wewe Glafira, siku Mungu akikuita, utalala ng'ambo ipi?"

Kapitolina, jirani wa mlango wa pili, alimuuliza hivyo ngazini huku amebeba kikapu cha viazi. Glafira alicheka tu. Alijua atalala Ivangorodi, ng'ambo ya pili ya mto, ubavuni kwa mumewe Yefim, ndani ya uzio alioupaka rangi kwa mkono wake kila mwaka. Nafasi yake ilikwisha achwa.

Yefim alizikwa zamani, wakati mto wa Narva ulikuwa mto tu. Mto ulipogeuka mpaka, huku kwao Estonia na kule Urusi, kila mtu alijitafutia karatasi yake. Glafira hakutaka kuombea viza kaburi la mumewe, akachukua uraia wa Urusi. Binti yake Rimma akachukua wa Estonia. Kapitolina hakuchukua wowote. Akabaki na pasi ya kijivu, ya mtu asiye na nchi.

"Sasa nani mjanja, shoga?" alikuwa akimtania. "Mimi sina kwetu, na kote napita!"

Mwaka huu, Pasaka ilipopita na siku ya kuwaamkia wafu ikakaribia, Glafira alichemsha mayai kwa maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu, ya kupeleka kaburini kama ilivyo desturi. Lakini kibali chake cha kukaa Estonia kilikuwa bado ofisini, maana raia wa Urusi siku hizi huchunguzwa upya. Karani alimwambia kwa upole tu kwamba akivuka kabla hakijatoka, huenda asiruhusiwe kurudi.

"Basi nitavuka, nisirudi," alimwambia binti yake.

"Nenda, mama," Rimma akajibu. "Lakini ukifia huko sitakuzika mimi. Kazini tumekatazwa kukanyaga upande ule. Unataka nitazame jeneza lako kutoka ukingoni?"

Glafira akakaa kitako. Mtoto wake yuko huku, marehemu wake yuko kule, na yeye katikati kama samaki ndani ya dema. Alisali mbele ya picha za watakatifu hadi chai ikapoa, akimwomba Mungu njia ya tatu. Hakuiona.

Asubuhi alimgongea Kapitolina mlango, akamkabidhi mayai.

"Kapa, yaviringishe juu ya kaburi. Kisha mwambie Yefim asinitunzie tena nafasi. Nitazikwa huku, kwa mtoto."