Nyuma ya Masanduku ya Posta

Waliojenga posta ile walikuwa watu wa kujionyesha. Mbele waliweka baraza pana lenye matao, nguzo nene ambazo watu wawili wakizikumbatia hawakutani mikono, na juu ya mlango wakachonga mwaka kwa tarakimu kubwa, kana kwamba kuna mtu angewabishia. Kaunta ya ukumbini ilikuwa ya mbao ngumu, imeng'arishwa na viwiko vya watu waliosubiri stempu. Dari ilikuwa juu mno hata mtu akikohoa, kikohozi kilizunguka kwanza ndipo kikatafuta mlango. Lakini mbwembwe zote ziliishia upande wa wateja. Nyuma, kwenye chumba cha kupangia barua, waliacha ukuta mtupu, vidirisha karibu na dari na taa inayoning'inia. Huko ndiko alikofanya kazi mtu wetu, tangu ana nywele nyeusi hadi akabaki na kipara, na wenzake wakambandika jina la Popo.

Kati ya Popo na walimwengu kulikuwa na ukuta wa masanduku. Ukisimama barazani uliona vimlango vya shaba, kila kimoja na namba yake na tundu la ufunguo. Ukisimama ndani kwa Popo uliona matundu yasiyo na mlango, safu juu ya safu. Popo alitia barua kwa nyuma, mwenye sanduku akafungua kwa mbele akachukua. Ukuta ulikuwa mnene, kwa hiyo kila sanduku lilimeza mkono kuanzia vidole hadi kwenye kiwiko. Ndiyo maana Popo hakuwajua watu wa mji kwa sura. Aliwajua kwa mikono. Alimjua mwenye duka la vyuma kwa kucha zake, mwalimu mkuu mstaafu kwa saa iliyolegea, na bwana mmoja aliyekuwa na mchumba mbali kwa jinsi alivyopapasa hadi pembeni kabisa, utadhani barua inaweza kujificha. Angekutana nao njiani angewapita hana habari, nao wangempita vilevile.

Kuongea na wateja kupitia kwenye masanduku kulipigwa marufuku. Sanduku si dirisha la umbea, alisema mkuu wa posta, na tangazo likabandikwa. Basi Popo akabuni lake. Akisikia ufunguo unazungushwa na sanduku ni tupu, aligonga ubavu wa bati mara moja: hakuna. Barua ikiwepo, mara mbili: ipo. Wateja wengi walidhani ni panya. Aliyeelewa alikuwa mmoja tu, wa sanduku mia mbili na tisa.

Alikuwa fundi cherehani. Hakuna aliyemwambia Popo. Aliona nyuzi zilizonasa kwenye mkono wa gauni, chaki ya kukatia vitambaa chini ya kucha, na ncha ya kidole iliyochomwachomwa na sindano. Siku ya kwanza Popo alipogonga, mkono ule ulitulia kidogo, kisha nao ukagonga mara moja, kama kusema haya, nimesikia. Popo akacheka peke yake hadi mbeba mifuko akamuuliza kama kuna jambo la heri nyumbani.

Nyumbani hakukuwa na la heri wala la shari. Popo alikuwa mgane. Mkewe alikufa mapema na mtoto hawakujaliwa, na chumba chake kilikuwa na kitanda, redio na kikombe alichokiosha mara tu alipomaliza kunywa kwa kuwa hakikuwa na cha kungojea. Jumapili ilimchosha kuliko siku zote za kazi. Alikuwa mpweke, na alijua.

Zamani fundi alipata barua kutoka kwa kaka yake aliyefanya kazi mbali. Kisha kaka akanunua simu, na barua zikakoma, kama zilivyokoma za watu wengi. Wengine walirudisha funguo zao. Fundi hakurudisha. Kila asubuhi alifungua, Popo akagonga mara moja, naye akajibu mara moja. Halafu hakuondoka. Aliulaza mkono wake mle ndani, kiganja juu, kama mtu aliyekuja kupumzika. Popo naye aliulaza wake kwa upande wa pili, ule wenye wino wa mhuri uliozama kwenye kidole gumba na usitoke tena. Kati ya vidole vyao ilibaki nafasi ya kupitisha bahasha. Hawakuwahi kuiziba. Kisha kimlango kilifungwa, na Popo akaendelea na kazi akiwa mtu mwingine kabisa hadi mchana.

Ndipo habari ikaja. Jengo lingekuwa ukumbi wa maonyesho. Masanduku yangehamia jengo jipya karibu na stendi, ya chuma, yaliyozibwa nyuma, na Popo angestaafishwa. Msanifu majengo alikuja na kofia yake ya plastiki akawatuliza: uso wa jengo hautaguswa hata kidogo. Vimlango vya shaba vitabaki palepale viking'aa. Nyuma yake tu ndipo patajengwa matofali.

"Nyuma tu," Popo alimwambia dada yake mkubwa jioni hiyo, yeye pekee aliyejua habari za mia mbili na tisa.

"Sasa unachonunia nini?" dada akauliza. "Si utoke huko nyuma uende mbele, ukamwone mwenzio usoni?"

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie habari za asubuhi. Watu huanzia hapo."

"Dada, hanijui yule."

"Miaka yote hiyo mnashikana mikono, hakujui?"

"Hatushikani. Tunagonga."

Dada akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akaacha kucheka. "Mdogo wangu, mimi nikiondoka utabaki na nani? Siku hiyo ya mwisho oga, lile shati la bluu nitalipiga pasi mwenyewe. Na hiyo mikono, jamani, isugue. Huwezi kumsalimia mwanamke na dole kama limepigwa na mlango."

Popo alisugua. Alitumia sabuni, ndimu, na jiwe la kusugulia miguu. Ngozi ikauma, lakini wino ulitoka, na asubuhi ya siku ya mwisho alitembea kama mtu aliyeazima mikono ya jirani. Alisimama barazani karibu na nguzo. Watu walipita kupeleka funguo zao kaunta. Hakuna aliyemtazama.

Fundi akaja. Alikuwa mfupi na mnene kuliko Popo alivyodhani, na miwani yake ilifungwa kwa uzi upande mmoja. Popo alimpenda palepale, kana kwamba hakuwa amempenda tayari. Akamwona anatia ufunguo, anafungua, anapenyeza mkono na kusubiri.

Ndani kimya. Ndipo Popo alipofahamu alichokifanya. Nani angegonga?

Fundi akagonga mwenyewe mara moja. Akasubiri. Akagonga tena. Kisha akainama hadi kwenye tundu. "Wewe wa ndani, upo? Leo ndiyo mwisho. Nimekuja tuagane."

"Nipo," Popo akasema nyuma yake.

Fundi aligeuka, akamtazama kuanzia viatu hadi kwenye kipara, akatabasamu kwa adabu. "Samahani, baba, si wewe. Namwita wa humu ndani."

 Maneno yote aliyoyapanga njiani yakamtoroka Popo, akabaki kuinua mkono wake mbele ya yule mama, vidole vimekunjuliwa. Fundi aliutazama, hakuona kitu.

"Mkono msafi huo," akasema. "Wangu ana wino." Akaligeukia sanduku lake.

Kusema Popo hakuweza. Alichoweza kilikuwa kugonga, na mahali pa kugongea alipajua. Akatimka. Nyuma ya kaunta palijaa mbao za waashi, kwa hiyo akazunguka jengo zima, akapita uani, akaingia kwa mlango wa mifuko, na shati la bluu likachomoka kwenye suruali. Ndani waashi walikuwa wameshapandisha tofali safu za chini.

Alipofika mia mbili na tisa, kimlango kilikuwa kimerudishwa, kikajifunga chenyewe. Ufunguo ulikuwa ndani ya sanduku, umesukumwa hadi upande wa Popo kabisa, umefungwa uzi mwekundu. Ulitakiwa urudishwe kaunta. Fundi alikuwa amemwachia yeye.

Popo akapenyeza mkono hadi kiwiko, akagonga shaba kwa ndani. Mara mbili. Akatega sikio. Akagonga tena mara mbili, kwa nguvu, na kuuacha mkono umelala mle, kiganja juu.

Mwashi alikuwa amesimama kando yake na tofali mkononi. Alisubiri kadiri alivyoweza.

"Mzee," akasema taratibu, "toa mkono, tuzibe."