Velo Isiyombeba Koko

Juzi nilikwenda sokoni Kasongo kutafuta velo, yaani baiskeli, maana shule ninayofundisha iko mbali na magoti yangu si ya kuchezea tena. Pesa zenyewe ni za mwalimu, rafiki yangu, unazijua. Muuzaji akanitolea velo mbili za bei moja. Moja ni VTT, ile ya vilima, yenye matairi ya meno, resori mbele, yaani springi, na vitesi, gia za kubadilisha kwa kidole. Ya pili nyeusi, nzito, haina mapambo, lakini nyuma ina bagaje, kile chuma cha kukalishia mtu au gunia. "Mwalimu, kamata hii," akaniambia, huku akiibonyeza ile ya resori ishuke na kupanda. "Iko muzuri, haitakuumiza mikono." Chaguo hilo nilishawahi kulifanya, na nililifanya vibaya.

Nililelewa Wamaza na koko, ndivyo nilivyomwita nyanya yangu mzaa mama. Tulikuwa wawili tu. Mama yangu alikufa kabla sijaijua sura yake, akazikwa misioni kule Kabambare, walikokuwa wamempeleka kutafuta dawa. Nyumba yetu asubuhi ilikuwa na sauti ya kinu, na jioni harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege kwenye mpunga. Nilipewa kopo na fimbo, nikalipiga kopo kutwa nzima peke yangu, mpaka nikazoea kuzungumza na hao hao ndege niliotumwa kuwafukuza. Usicheke. Mtoto akikosa mwenzake huongea na chochote.

Nilipofaulu kuingia sekondari, ilikuwa huko Kabambare. Ningelala huko juma zima na kurudi Jumamosi. Koko akauza mpunga wa msimu mzima, akasema mutoto wake hatatembea kwa miguu njia ile. Tukafuatana na jirani yetu mpaka Kasongo. Kazi yake ilikuwa kusukuma velo za mizigo. Kwetu velo ya mzigo haipandwi: unafunga fimbo kwenye usukani, unaweka magunia nyuma, unatembea pembeni ukisukuma, kilima baada ya kilima. Ndiyo maana watu wetu wakinunua velo huangalia nyuma kwanza. Mbele ni urembo.

Njiani koko aliniomba kitu kimoja tu. "Iwe na bagaje. Miguu yangu inavimba. Siku moja utanipeleka Kabambare, nikamwone mama yako." Kaburi alimaanisha. Hakuwa amelifikia tangu siku ya kuzika.

Nami nikaingia dukani nikaiona velo moja nyekundu. Aa, macho hayana pazia! Ilikuwa na resori mbele, nami sikuwa nimewahi kumiliki kitu ambacho mtu mwingine hakukitumia kabla yangu. Pembeni ilisimama nyeusi yenye bagaje, kwa bei ile ile. Koko alikuwa amekaa nje kwenye kivuli, anapumzisha miguu. Jirani akaigeuza nyekundu, magurudumu juu, akapapasa vyuma vya nyuma kwa kidole gumba.

"Hii haiko na matundu ya kufungia bagaje," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na hivi vyuma ni vyepesi. Haitabeba mutu."

"Usimuambie koko," nikasema.

Akaigeuza velo, akaisimamisha. Nikatoka nje nikamwambia koko kwamba hii ndiyo bora, na bagaje yake tutainunua baadaye. Akaizunguka, akagusa resori kwa kidole kimoja kama anayepima joto la chungu, akacheka. "Mutoto amechagua," akasema, akafungua kitambaa cha pesa.

Wiki ile ile alishona mto. Aliukata kutoka kitenge chake cha zamani, akaujaza sufi, akauwekea kamba nne pembeni za kufungia kwenye bagaje. Aliutundika ukutani karibu na mlango. Kila Jumamosi niliporudi nikiwa nimejaa vumbi, aliniwekea maji ya kuoga, akaniwekea wali na karanga, halafu akaniuliza, "Bagaje ilishafika?" Nikajibu, "Bado, koko. Wiki ijayo." Nilijifunza kula bila kuutazama ule mto.

Na ile resori? Rafiki yangu, mvua za kwanza tu ilijaa udongo ikaanza kulia. Fundi wa Kabambare akapigilia vipande vya mti ndani yake, akaifunga na mpira wa tairi, ikawa ngumu kama chuma kingine chochote. Vitesi vikabaki kimoja. Ule urembo wote nilioununua kwa miguu ya koko haukumaliza hata mwaka.

Basi nikaanza kuruka Jumamosi. Nilisema masomo, nilisema mvua. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia yule bibi na swali lake. Jumapili misioni, wenzangu walipokwenda kwao, mimi nilikaa peke yangu karibu na kaburi la mama, mahali ambapo koko alipatamani kuliko popote, na velo nimeiegemeza kwenye ukuta wa kanisa. Nilikuwa na njia ya kumfuata. Nilichokosa ni mahali pa kumkalisha.

Alikufa msimu wa kuvuna mpunga, mimi nikiwa shuleni. Baada ya mazishi jirani alinifuata nyuma ya nyumba. Nikamshukuru kwa kunitunzia siri.

"Siri gani?" akasema. "Aliniuliza siku ile ile tukirudi kutoka Kasongo. Sikuweza kumudanganya mutu mukubwa. Alijua."

"Sasa mbona alikuwa ananiuliza kila juma?"

"Alikuwa anangoja wewe mwenyewe umuambie. Alisema, siku mutoto ataniambia, tutatembea kwa miguu polepole, hata siku tano."

Wakubwa husema majuto ni mjukuu. Mimi ndiye huyo mjukuu, na sijaona neno lolote la kuongeza hapo.

Leo Wamaza nyumba ile imeanguka, na kinu kilichukuliwa na watu nisiowajua. Jirani naye hayupo tena, na mizigo inapita juu ya pikipiki kwa kelele. Mimi nimepanga chumba kimoja hapa Kasongo. Mto bado ninao, sufi yake imejikunja mabonge.

Nikamwambia muuzaji nachukua nyeusi. Akashangaa. "Hii nzito hivi? Utamubeba nani, mwalimu?" Nikamlipa, nikaisukuma mpaka nyumbani kwa mkono, sikuipanda. Nikaufunga mto juu ya bagaje kwa zile kamba nne, na zote zilifika. Halafu nikakaa mlangoni nikaiangalia. Velo ni nzima, vyuma vyake vinene, inambeba mtu mzima bila shida mpaka Kabambare. Mtu ndiye hayupo.