Kichwa Kipi Kitangulie

Mwanangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na hospitali ikataka mtu wa kumtolea mke wangu damu. Baba yangu akakunja mkono wa shati kabla sijaulizwa. Walimpima wakamrudisha, shemeji akatoa badala yake. Baba alikuwa na homa ya ini, ile inayokaa kimya kwenye damu. Nesi akanieleza taratibu, kama anayemuuzia mteja mgumu: sahani haiambukizi, kikombe hakiambukizi, damu ndiyo, hata ile kidogo inayobaki kwenye wembe. Nikamwomba arudie. Akarudia. Bei haikubadilika, nikaichukua.

Njiani kurudi kijijini kwetu Mollo niliwahesabu majirani waliokufa macho ya njano, tumbo limevimba. Watatu. Nikahesabu tena: wanne. Mmoja tulikuwa tumemweka kwenye fungu la waliorogwa.

Sasa, kwetu mjukuu wa kwanza anaponyolewa nywele alizozaliwa nazo, babu yake naye hunyolewa siku hiyohiyo, kwa wembe mmoja, babu akitangulia. Mwenye kunyoa ni shangazi. Utotoni kwangu wembe mmoja ulizunguka ukoo mzima mpaka ukawa haunyoi, unang'oa. Lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Pale sokoni nilipouza mitumba, nyembe zilipangwa mezani kama pipi. Nikanunua tano. Nikazihesabu mara mbili, muuzaji akaniuliza kama namwona mwizi.

"Bado," nikamjibu.

Siku ya kunyoa, shangazi, dada mkubwa wa baba, alipokea mmoja, nne akanirudishia.

"Nyembe mbili, koo mbili. Unataka mtoto awe wa nani?"

"Wako, shangazi. Ila baba ana ugonjwa kwenye damu, na mtoto hana hata siku arobaini."

"Mdogo wangu hana ugonjwa. Ana miaka."

Baba alikuwa kigodani, kichwa kimeshalowa maji, anakula maharage. Mke wangu alimkumbatia mtoto. Asubuhi alishaniambia: wembe ukitoka kwa baba kuja kwa mtoto, yeye na mtoto wanahamia kwao Muze.

Bei ikikwama, unabadilisha mzigo.

"Basi wembe uwe mmoja," nikasema. "Aanze mtoto."

"Mkubwa amsubiri mdogo? Adabu hiyo umeinunua mitumbani?"

Mtoto alikuwa hajapewa jina. Nilishamwahidi mke wangu litakuwa la baba yake yeye, mkwe wangu. Nikamtazama. Akanielewa, akainua vidole viwili: watoto wawili wanaofuata majina yatoke kwao. Nikainua kimoja. Vyake havikushuka. Nikakubali.

"Huyu nimempa jina la babu," nikatangaza. "Baba yenu ninyi wawili."

Baba akaacha kutafuna. Akamtazama mtoto, akamtazama dada yake, akacheka mpaka maharage yakampalia.

"Dada, kumbe umemweka mzee kwenye baridi muda wote huu. Mwamkie, uanze naye."

Shangazi akanikata jicho. Akafungua karatasi ya wembe, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mtoto akapiga chafya.

"Hajaitika," baba akasema. "Ndiyo tabia yake, hata zamani."

Hapo shangazi naye akashindwa, akacheka mpaka akauweka wembe chini. Alipotulia alimnyoa mtoto, polepole, kisha akamnyoa baba. Vichwa viwili viking'aa uani, nikaomba ule wembe, nikaupeleka chooni mwenyewe, nikasikiliza mpaka ukafika chini.