Insha ya Makena Imeitwa ya Simu

Leo nimeitwa shuleni kwa sababu Kiingereza cha binti yangu ni kizuri mno.

Mwalimu aliinua insha yake kama ushahidi wa polisi.

"Baba Makena, hii imeandikwa na simu. Hapa Igembe hakuna mtoto anaandika hivi. Akubali, ama aende nyumbani wiki mbili."

Nikawaka. Darasa zima linakariri misemo ileile ya kupamba insha na linapewa alama! Wangu amekaa mwaka mzima na kamusi inayoonyesha maneno ya Kiingereza ambayo kwa kawaida huenda pamoja, halafu yeye ndiye mwizi?

Nilipiga meza. Makena, aliyesimama kando yangu, akanishika mkono.

"Baba, wacha. Mwalimu, nipe mada yoyote niandike hapa."

Akaandika kwa nusu saa.

Mwalimu akasoma, akarudia kusoma. "Rudi darasani, Makena. Nisamehe."

Nikatunisha kifua. "Umeona? Angalau babako alikuamini."

"Baba, si jana uliniuliza nimenakili wapi?"

Mwalimu akainamia karatasi zake.

Mwalimu ameomba msamaha. Mimi niliondoka bila kumwomba binti yangu. Makena anafika nyumbani saa kumi na moja.

Wazazi wenzangu, nianzie wapi?